Kununua mtumbwi uliotumika Ziwa Victoria: nilivyopigwa mara ya kwanza, na nilivyofanya mara ya pili

MvuviKayenze

Wakuu, salaam.

Wiki iliyopita kijana mmoja alinifuata hapa mwaloni Kayenze, Mwanza, tunapofikia na mitumbwi. Ana milioni sita mkononi, anatafuta mtumbwi na injini, anataka kuwahi giza la mwezi huu avue dagaa. Mtumbwi ameshauona. Nikamuuliza, chini umekuonaje? Akaniambia ameukuta majini, umepakwa rangi ya bluu, unapendeza sana. Nilikaa kimya kidogo, maana mwaka 2023 huyo kijana nilikuwa mimi.

Nilikuwa na milioni 7 nilizokusanya kwa miaka minne. Mtumbwi wa futi 24 nikanunua kwa 1,900,000, injini ya farasi 15 iliyotumika 3,700,000, nyavu za sangara 1,300,000. Nikabaki na laki moja, nikaona nimejipanga vizuri. Mtumbwi ulikuwa umetoka kupakwa rangi, na rangi ile ndiyo iliyonimaliza.

Usiku wa nne tukiwa watatu, tumeshatega, tumezima injini tunasubiri. Mida ya saa nane nikasikia sauti ndogo chini ya miguu, kama chungu kinachoanza kutokota. Kumulika tochi, maji yamefika vifundoni. Ubao wa kwanza kutoka mkuku, ule uti wa mgongo wa mtumbwi, ulikuwa umeachia taruma, yaani ubavu wa ndani unaoshika mbao. Msumari ulikuwepo, ila taruma lenyewe lilikuwa limeoza ndani, yaani msumari umeshikilia unga. Kijana mmoja akavua fulana akaisokomeza kwenye ufa na kuikanyaga kwa kisigino, hakuutoa mguu ule mpaka asubuhi. Mimi na mwenzake tukawa tunafua maji kwa dumu lililokatwa, kwa zamu. Nyavu tulizikata tukaziacha. Upepo ulipoanza tulielekea kwenye taa za wavuvi wa dagaa, wao ndio waliotusindikiza hadi ufukweni. Laifu jaketi hatukuwa nayo hata moja. Tulikuwa na madumu mawili matupu ya lita 20, na tulishakubaliana nani anashika lipi.

Mimi sitaki mtu mwingine apite pale. Mwaka 2025 nilinunua mtumbwi wa pili, nao umetumika, na mpaka leo ndio unaolisha familia yangu. Nitaeleza nilivyofanya. Mafundi na wenye vyombo naomba mnisaidie pale nitakapopungukiwa.

Mgeni_Ziwani

Pole sana mkuu. Shusha, tupo wengi tunaojipanga. Mimi niko Musoma, bajeti yangu milioni 5 na nusu. Swali la kwanza: kwa nini usingenunua mpya tu?

MvuviKayenze

Swali zuri. Mpya wa mbao nzuri, ukijumlisha na injini, hela yangu isingetosha, na ukilazimisha utaishia kwenye mbao laini zisizokaa majini miaka mingi. Mtumbwi mzee wa mvule au mninga ambao mifupa yake ni mizima ni bora kuliko mpya wa msonobari. Tatizo ni kuijua hiyo mifupa.

Kitu kikubwa nilichojifunza: mtumbwi uliotumika unaununua mara mbili. Mara ya kwanza unamlipa mwenye mali, mara ya pili unamlipa fundi. Hela ya fundi itenge kabla hujaenda kuangalia chombo, isiwe ile itakayobaki, maana haitabaki.

Hesabu yangu ya mara ya pili hii hapa. Mtumbwi nilinunua 1,200,000 upande wa Sengerema, mbaya wa sura, rangi imebanduka yote, umelala ufukweni miezi kadhaa. Matengenezo yakawa hivi: mbao 340,000, misumari na bati 95,000, pamba na lami 60,000, rangi 75,000, fundi 300,000. Jumla 870,000. Ukijumlisha na bei ya kununulia ni 2,070,000. Yaani nimezidisha 170,000 tu juu ya bei ya ule wa kwanza uliotaka kutuua.

Sasa kwa nini nilifurahia kuukuta umelala ufukweni? Mbao zikikaa majini zinavimba, nyufa zinajifunga zenyewe, na mtumbwi mbovu unaweza kuelea siku hiyo bila tone. Ukipandishwa nchi kavu ukakaa juani wiki mbili, mbao zinasinyaa na kila kasoro inajitokeza. Kwa hiyo muuzaji akikuambia "twende tukazungushe ziwani uone", mwambie asante, lakini kwanza tuupandishe. Akikataa kuupandisha, mimi naondoka.

Siku ile nilikwenda na kisu chembamba, tochi na nyundo ndogo. Tukaupindua. Nilianza kwenye mkuku, kutoka omo (mbele) mpaka tezi (nyuma), nikichoma ncha ya kisu kila baada ya shubiri moja. Mbao nzima inakataa kisu, iliyooza inakipokea kama muhogo uliochemshwa. Baada ya hapo nikaenda kwenye misumari. Ukiona michirizi ya kutu imeshuka kutoka kwenye kichwa cha msumari, ujue maji yanaingia hapo, na mbao inayouzunguka imeanza kuchoka. Tukaugeuza tena nikaingia ndani na tochi, nikagonga taruma moja baada ya jingine. Zima linalia, bovu linatoa sauti butu. Nilikuta mataruma matatu mabovu na mbao mbili za chini za kubadilisha. Nilijua kabisa nanunua nini, na bei tuliongea kwa kuhesabu hayo.

FundiTaruma

Nimesoma kila neno. Mimi ni fundi wa mitumbwi Ukerewe, nimefanya kazi hii zaidi ya miaka 20, kwa baba yangu nikiwa mtoto kisha kwangu mwenyewe. Naongeza machache.

Moja, bati. Mitumbwi yetu mingi ina vipande vya bati vilivyopigiliwa juu ya maungio. Bati si kosa, ni kawaida yetu. Lakini bati jipya linalong'aa juu ya mtumbwi mzee lazima libanduliwe kabla hujalipa. Nimeshabandua bati nikakuta chini hakuna ubao, kuna pamba na lami tupu. Muuzaji mkweli hatakukatalia, vimisumari vile vinarudishwa kwa dakika kumi.

Mbili, tako la nyuma ambapo injini inakaa. Hapo ndipo mtumbwi unapokufa kwanza. Injini inasukuma, inatikisa, petroli inadondoka, maji yanatuama. Shika lile tako kwa mikono miwili ulisukume mbele na nyuma kwa nguvu zako zote. Likicheza hata kidogo, weka kwenye hesabu kulifanya upya lote pamoja na mikono inayolishika pembeni. Usikubali kuongezewa kipande tu.

Tatu, kukalafati, yaani kuziba nyufa za maungio. Vijana wengi siku hizi wanajaza lami juu juu. Pamba inasokotwa kamba, inaingizwa kwenye ufa kwa patasi butu na nyundo, taratibu, mpaka ubao uanze kuitika kwa sauti moja. Ukiipiga sana unaupanua ufa, ukiipiga kidogo inatoka na mawimbi. Lami inakuja mwisho, kazi yake ni kuifunika pamba isilowe haraka. Sisi wa kanda hii pamba tunalima wenyewe, hakuna sababu ya kubania.

Nne, mtumbwi ukishatengenezwa na kukauka, ukiushusha siku ya kwanza utavuja. Usiogope na usimtukane fundi. Ufunge kwenye maji ya kina kifupi, uache unywe maji siku mbili tatu mpaka mbao zivimbe. Unaoendelea kuvuja baada ya hapo ndio wa kurudi kwangu.

Mgeni_Ziwani

Shikamoo fundi. Hiyo ya nne imeniokoa, shemeji yangu aliwahi kuuza mtumbwi wake kwa bei ya kuni kwa sababu ulivuja siku ya kwanza tu.

FundiTaruma

Marahaba mwanangu. Hao ni wengi sana, na inaniuma kila nikisikia.

BintiZiwa

Jamani hongereni kwa uzi. Mimi ni mama wa dagaa, nina mitumbwi miwili na siendi ziwani, nina vijana. Mmeongelea mbao vizuri, nataka niongelee karatasi, kwa sababu huko ndiko kwetu kulikotuumiza.

Kaka yangu alinunua injini ya farasi 15 kwa bei nzuri kweli, karibu nusu ya bei ya sokoni. Hakuuliza mengi. Baada ya miezi mitatu mwenye injini akaitambua kwa kovu la kuchomelea kwenye mguu wa injini, ile sehemu inayoshuka majini, chini karibu na panga (propela). Injini ilikuwa imeporwa ziwani usiku, na wavuvi wake waliachwa wakielea. Kaka alilala polisi siku nne. Injini ikarudi kwa mwenyewe, hela haikurudi, na muuzaji mpaka leo hajaonekana. Kila mtu anayeishi kwenye mialo anajua injini zinavyoporwa huku. Ukinunua ya magendo, umemlipa yule atakayekuja kupora ya kwako.

Kwa hiyo mimi nafanya hivi. Namba ya injini ipo kwenye kibao kidogo kwenye bano inaposhikia mtumbwi. Kikiwa kimekwanguliwa au kimeng'olewa, sinunui, hata kama ni ya bure. Namba naiandika, naipeleka kwa viongozi wa BMU, kile kikundi cha wavuvi kinachosimamia mwalo, wa mwalo wa muuzaji na wa mwalo wangu. Wao wanajuana, wizi ukitokea taarifa zinazunguka. Naomba risiti ya kwanza ya dukani au mkataba wa mtu aliyemuuzia yeye. Kisha tunaandikishana mkataba mbele ya mwenyekiti wa kijiji na mwenyekiti wa BMU, mashahidi wawili kila upande, namba ya injini, namba ya usajili wa mtumbwi na nakala ya kitambulisho cha NIDA. Picha tunapiga tukiwa wote tumesimama kwenye mtumbwi.

Mtumbwi nao una usajili wake. Usiishie kununua mbao ukaacha jina la mtu kwenye kadi. Nenda kwa afisa uvuvi wa halmashauri ubadilishe umiliki, ukate leseni ya chombo na ya uvuvi kwa jina lako. Upande wa usalama wa chombo ni TASAC, shirika la serikali la uwakala wa meli, wanakagua hata hivi vidogo vyetu. Na umuulize afisa uvuvi macho ya nyavu yanayoruhusiwa kwa samaki unayemtaka kabla hujanunua nyavu, maana kanuni hurekebishwa. Nyavu za timba na makokoro ya kukokota haziruhusiwi, hilo halina mjadala, na sangara wa chini ya sentimita 50 mrudishe ziwani.

MvuviKayenze

Dada ubarikiwe. Hapo kwenye picha ya pamoja sikuwahi kufikiria.

SilindaMbili

Habari za humu. Mimi ni fundi wa injini za boti, Mwanza mjini. Naona mtumbwi umepata wakili wake, acha na mimi niitetee injini. Nitaongelea hizi za mipigo miwili za farasi 15 ambazo ndizo nyingi ziwani, hasa Yamaha Enduro.

Ukifika kwa muuzaji, kabla ya salamu kuisha, weka kiganja kwenye kofia ya injini. Ikiwa na joto, ameiwasha kabla hujafika, na injini iliyokwisha pasha moto inaficha mengi. Mwambie utarudi kesho, na uifikie ikiwa baridi. Nzima, hata ikiwa baridi, inashika kwa kuvuta kamba mara mbili tatu. Kuanzia mara kumi huku jasho linakutoka, kuna kitu.

Usikubali iwashwe nchi kavu bila maji. Injini hizi zinapoozwa na maji ya ziwa yanayovutwa na impela ya mpira iliyoko chini. Impela ikizunguka bila maji inaungua kwa muda mfupi sana. Iwekwe kwenye pipa lililojaa, au mtumbwini. Ikishawaka, angalia mkojo, yaani ule mchirizi wa maji unaotoka ubavuni. Utoke mfululizo, na uwe na nguvu. Ukiwa dhaifu au unakatika, impela imechoka au njia za maji zimeziba.

Halafu iache izime. Fungua skrubu ya chini ya gia utoe matone machache ya oili kwenye kidole. Oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia, sili zimekufa, na huenda gia zenyewe zimeshaanza kuliwa. Hilo ni tone moja tu ila linaweza kukuokolea laki kadhaa.

Toa plagi zote mbili. Zikiwa za kahawia kavu, vizuri. Moja kavu na nyingine imelowa mafuta, silinda moja haifanyi kazi sawasawa. Ukiweza, njoo na fundi mwenye kipimo cha kompresheni. Namba yenyewe isikusumbue sana, angalia zaidi tofauti ya silinda moja na nyingine. Zikipishana sana, usinunue.

Jambo lingine ambalo watu wa ziwa hatuliulizi: hii injini imetoka wapi? Nyingine zinaletwa kutoka pwani. Chumvi ya bahari inaganda kwenye njia za maji ndani, inakula boliti mpaka hazifunguki. Nje inaweza kuwa imepigwa rangi nzuri. Angalia boliti za kichwa na za impela. Zikiwa na unga mweupe au vichwa vimeliwa, imeishi baharini bila kuoshwa.

Mgeni_Ziwani

Fundi, kuna injini wanaita mguu mrefu na mguu mfupi. Tofauti ni nini, na bei yake?

SilindaMbili

Mguu mfupi ni inchi 15, mrefu inchi 20. Usiangalie bei, angalia tako la mtumbwi wako. Lipime kutoka ukingo wa juu mpaka chini kabisa ya mtumbwi. Juu ya panga kuna bamba bapa, hilo linatakiwa likae usawa wa chini ya mtumbwi au lishuke kama inchi moja. Mguu mfupi kwenye tako refu, panga linavuta hewa, injini inapiga kelele na mtumbwi hauendi. Mguu mrefu kwenye tako fupi unaburuza maji, unakula mafuta na unagonga mawe ukikaribia ufukweni. Nimekutana na watu wamenunua injini nzuri kabisa kisha wakakata tako la mtumbwi kwa msumeno ili itoshe, mawimbi ya nyuma yakawa yanaingia ndani. Fundi Taruma anajua ninachosema.

Kuhusu mafuta, uchanganyaji wa kawaida ni oili lita 1 kwa petroli lita 50. Soma kitabu cha injini yako au kibandiko chake, na tumia oili ya injini za boti. Vijana wengine wanapunguza oili kubana matumizi. Mwisho wa kubana huko ni pistoni kushika katikati ya ziwa.

FundiTaruma

Najua sana. Nimerudishia matako mangapi.

Mbita_Jamaa

Habari kutoka ng'ambo ya Kenya, Mbita. Nimefuatilia. Swali langu, kwa nini mnahangaika na mbao mwaka huu? Mimi nimehamia boti ya faiba, nilinunua ikiwa imetumika miaka mitano. Ni nyepesi, haihitaji pamba, haihitaji lami, petroli inapungua. Omena, hao dagaa wenu, navua bila kufua maji usiku kucha.

MvuviKayenze

Karibu jirani. Faiba ni nzuri, na huku kwetu serikali imekuwa ikizitoa kwa mkopo nafuu, kwa hiyo zimeanza kuonekana mialoni. Mimi bado niko kwenye mbao kwa sababu moja: ikipasuka huko visiwani, fundi wa mbao yupo kila mwalo. Wa faiba lazima nimfuate mjini, na resini yake na mkeka wake wa nyuzi si vitu vya duka la kijijini. Mwenye mtaji na aliye karibu na mji, aende kwenye faiba.

FundiTaruma

Na faiba iliyotumika nayo ina siri zake. Igonge kwa kipande cha mti taratibu, sakafu yote na mbavu. Pale sauti inapobadilika kuwa nzito na butu, tabaka zimeachana ndani. Tako lake mara nyingi lina mbao katikati iliyofunikwa na faiba. Matundu ya boliti za injini yakiingiza maji, ile mbao inaoza bila wewe kuona. Iangalie kwenye matundu hayo, kama inatoa maji ya kahawia.

Mbita_Jamaa

Hiyo ya matundu nitaiangalia leo leo. Asante mzee.

BintiZiwa

Kabla hatujaenda mbali, mtumbwi umenunuliwa, umetengenezwa, injini imefungwa. Ndani yake kuna nini? Mleta uzi tuambie, maana hapo ndipo wanaume wengi mnapobania.

MvuviKayenze

Dada, hapo nakiri zamani nilibania. Sasa hivi mtumbwi wangu hautoki bila vitu hivi. Laifu jaketi kwa kila mtu aliyemo, na zinavaliwa, hazikaliwi kama mto. Makasia mawili, kwa sababu injini ni mashine na mashine huzima. Madumu mawili yaliyokatwa ya kufulia maji, yamefungwa kwa kamba kwenye taruma yasielee yakaondoka. Nanga na kamba ya kutosha. Plagi mbili mpya zimefungwa kwenye nailoni pamoja na spana yake, na kamba ya akiba ya kuwashia. Pamba kidogo, nyundo, misumari na kipande cha bati. Tochi mbili na simu ndani ya mfuko usioingiza maji. Injini imefungwa mnyororo, na petroli ya kurudia iko kwenye dumu lake peke yake, haiguswi kwa kwenda.

Jambo la hali ya hewa nalo. Ziwa letu lina kilomita za mraba zaidi ya 68,000, usilichukulie kama bwawa. Usiku nchi kavu inapoa kuliko maji, upepo unatoka pande zote kuelekea ziwani, unakutana katikati na kupanda juu, na ndiyo maana radi na dhoruba nyingi zinatukuta usiku wa manane na alfajiri, saa zile zile tulizo kazini. Juni mpaka Agosti upepo wa kusini mashariki ndio unaosumbua. TMA, mamlaka ya hali ya hewa, wanatoa utabiri wa ziwa, mimi nausikiliza kila jioni. Ukisema mawimbi makubwa, nalala nyumbani, na vijana wangu wameshazoea.

Kuna mtu aliniuliza pembeni nilivyousafirisha mtumbwi wa pili. Sikuuburuza majini, maana ulikuwa umekauka na nyufa ziko wazi, ungezama njiani. Tuliupakia kwenye fuso. Ilikuwa baada ya daraja la Kigongo-Busisi kufunguliwa Juni 2025, kwa hiyo hatukungoja kivuko, tulipita moja kwa moja. Nilikaa nyuma na mtumbwi wangu, nimeushika omo, gari linapita juu ya maji yale. Sijui nilieleze vipi lile, ila machozi yalinilenga.

Kigoma_Kwetu

Uzi mzuri sana, natokea Ziwa Tanganyika. Nyongeza moja kwa wa huku: kabla hujaingiza hela, ulizia kalenda. Mwaka 2024 ziwa letu lilifungwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 samaki wazaliane. Jirani yangu alinunua mtumbwi kwa mkopo mwezi Aprili, marejesho yakaanza na ziwa likafungwa. Lakini hiyo miezi ya kufungwa ndiyo nzuri kwa kutengeneza chombo, mafundi wanapatikana na wauzaji wanalegeza bei.

MvuviKayenze

Umesema kweli. Hata huku, mbalamwezi ikiwa kali wavuvi wa dagaa wanapumzika, mitumbwi yao iko nchi kavu. Zile siku ndizo za kwenda kuangalia na kuongea bei, mtumbwi uko juu na mwenyewe hana haraka ya kuingia kazini.

Mgeni_Ziwani

Wakuu, narudi na mrejesho. Leo nimekwenda kuangalia mtumbwi mmoja, futi 22, bei 1,400,000. Nilimwomba muuzaji tuupandishe. Akasema hana watu. Nikasema nitalipa vijana wanne mimi mwenyewe. Akasema utaharibika rangi. Nikaweka kisu mfukoni nikarudi zangu Musoma. Nauli imeniuma, ila nimelala.

BintiZiwa

Umefanya vema mdogo wangu. Nauli si hela.

MvuviKayenze

Mdogo wangu, kuna mzee wa mwalo wa jirani hapa anaacha kazi, macho yanamsumbua. Mtumbwi wake wa mninga uko nchi kavu tangu mwezi uliopita, haujapakwa chochote, kadi iko kwa jina lake na BMU wanamfahamu miaka yote. Nimeugonga kwa nje tu, taruma la pili kutoka tezi silipendi, mengine sijayagusa. Njoo Jumamosi. Fundi Taruma amesema anavuka kutoka Nansio, Ukerewe, kwa kivuko cha Ijumaa. Tuonane pale saa moja asubuhi, jua halijawa kali, tuupindue sote. Njoo na kisu na tochi yako mwenyewe.